Herufi Nazo Zina Sauti

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Kuchagua sura ya herufi ni kazi ambayo sisi wanafunzi twaifanya karibu kila wiki bila kuifikiri. Mwenye kuandika ubao wa zamu za kufagia bweni huchagua. Mwenye kutengeneza kadi za mahafali huchagua. Wenzetu wa somo la kompyuta wafunguapo orodha ya fonti, yaani aina za herufi zilizomo katika mashine, wao nao huchagua. Na aghalabu huchagua ile iliyowapendeza wao wenyewe, wala hawaulizi kama yalingana na habari inayoandikwa.

Nimekusudia kuonyesha katika makala hii ya kwamba sura ya herufi humfikia msomaji kabla ya maana ya neno. Kabla hajasoma, amekwisha kuambiwa kama habari inayokuja ni ya furaha, ya huzuni, ya hatari au ya mzaha. Mara nyingi jambo hili ni la uzuri tu. Mara nyingine ni la uhai wa mtu, kama nitakavyoeleza katika habari ya mbegu zilizotiwa dawa, jambo linalotuhusu sana sisi tuliozaliwa katika uwanda huu wa Ufipa.

SURA YA HERUFI

Chukua karatasi ya manila na kalamu ya wino mnene, uandike neno moja mara tano kwa njia tano. Neno lenyewe liwe jepesi, lisiloegemea upande wo wote, kama vile "kesho". Utaona mambo haya.

Kwanza, unene. Neno "kesho" lililoandikwa kwa mistari minene huonekana kama limesemwa kwa sauti kubwa, mfano wa agizo la mwalimu wa zamu. Likiandikwa kwa mistari myembamba huonekana kama limesemwa na mtu mpole, tena aliye karibu nawe.

Pili, mviringo na pembe. Herufi za mviringo zaonekana laini, nazo zafaa watoto na karamu. Herufi zenye pembe kali zaonekana ngumu. Sababu si ya ajabu: tangu utoto mkono wetu umejifunza kwamba kitu chenye ncha huchoma, na chenye mviringo hushikika bila hofu.

Tatu, mlazo. Herufi zilizolala kuelekea mbele huonekana kama zatembea, au kama mtu anasema nawe faraghani. Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa chote kwa herufi za namna hii kilitoka Venice, Italia, mwaka 1501, katika kiwanda cha Aldus Manutius. Fundi aliyezichonga aliitwa Francesco Griffo, naye aliufuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati wake. Ndiyo maana hata leo twazihisi kama maneno ya barua.

Nne, nafasi. Herufi zilizobanana zina haraka na msongo, kama abiria katika basi la asubuhi. Herufi zilizoachiana nafasi zina utulivu na heshima. Hata ile karatasi tupu inayozunguka maneno inasema kitu: ikiwa kubwa, maneno huonekana mazito.

Tano, miguu. Tazama kitabu chako cha historia. Utaona kwamba mistari ya herufi nyingi inaishia kwa vijistari vidogo, kama miguu ya kigoda. Mimi nitaziita herufi zenye miguu. Asili yake ni maandishi ya Warumi wa kale yaliyochongwa katika mawe, na mmoja wa wapiga chapa waliozipa sura nzuri katika vitabu ni Nicolas Jenson, mjini Venice, mwaka 1470. Herufi iitwayo Times New Roman, ambayo twaiona katika kompyuta, ni ya ukoo huo. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Herufi zisizo na miguu zilianza kuuzwa na watengenezaji wa herufi za chapa huko London mwaka 1816. Mwaka 1916 Edward Johnston alizichora upya kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi ya mji ule, na mwaka 1957 ikatoka Uswisi ile inayojulikana leo kwa jina la Helvetica. Basi kwa watu wengi herufi zenye miguu zina sauti ya kitabu, sheria na ibada. Na zisizo na miguu zina sauti ya barabara, kituo cha treni na ofisi.

HISIA HUTOKA WAPI?

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, hisia hizo zimo ndani ya herufi yenyewe, kama vile utamu ulivyo ndani ya asali? Jibu langu ni kwamba sehemu ndogo tu imo ndani yake. Mstari mnene huonekana kutoka mbali kuliko mwembamba, na hilo ni kweli kwa macho ya watu wote duniani. Lakini sehemu kubwa ya hisia hutokana na mazoea ya msomaji, yaani mahali alipokutana na herufi ile zamani, na mambo yaliyompata hapo.

Mfano mzuri watoka Ujerumani. Johannes Gutenberg alipoipiga chapa Biblia mjini Mainz, yapata mwaka 1455, alitumia herufi nzito, nyeusi, zenye pembe nyingi, zilizofanana na mwandiko wa wanakili wa nchi ile. Mataifa mengine ya Ulaya ya Magharibi yaliziacha pole pole, lakini Wajerumani waliendelea na herufi za ukoo ule hata karne ya ishirini. Kwao zilikuwa herufi za kitabu cha sala, za gazeti, na za hadithi za watoto. Serikali ya Hitler hapo mwanzo ilizisifu kuwa ni za Kijerumani halisi. Kisha, tarehe 3 Januari 1941, serikali ile ile ikatoa amri ziachwe, kwa kisingizio kisicho cha kweli kwamba asili yake ni ya Wayahudi. Na ajabu ni hii: leo watu wengi duniani wazionapo herufi hizo hukumbuka mabango ya utawala ule, ijapokuwa utawala ule ndio uliozipiga marufuku. Herufi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kumbukumbu za watu.

Mfano wa pili uko katika nyumba zetu wenyewe, nao ni kanga. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini kuenea kwa njia ya misheni na serikali za wageni. Mapema katika karne ya ishirini kanga zilianza kutiwa maneno. Hapo kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tuzitumiazo sasa. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyeitwa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, hutajwa kuwa ndiye aliyeuanzisha mtindo huo.

Tazama sasa jina la kanga jinsi linavyoandikwa. Aghalabu ni herufi kubwa tupu, wima, zisizo na urembo, ndani ya kijisanduku karibu na pindo la chini. Jina laweza kuwa la mapenzi, la dua, au la kijembe kikali kwa jirani, lakini sura ya herufi ni ile ile. Mimi naona kwamba hapo pana hekima. Kama kijembe kingeandikwa kwa herufi za hasira, kila mtu angejua ni ugomvi. Kwa kuwa kimeandikwa kwa uso mkavu, mwanamke aliyevaa kanga ile aweza kupita mbele ya amlengaye, na akiulizwa, aseme kwamba amevaa nguo tu. Herufi tulivu humpa msemaji mahali pa kujistiri.

Basi tukumbuke mambo mawili. La kwanza, herufi husema kwa lugha ya mazoea. La pili, mazoea hayo si ya mwandishi bali ni ya msomaji. Mwandishi asiyeyajua mazoea ya msomaji wake ni kama mgeni aliyefika kijijini akapiga ngoma ya msiba siku ya arusi.

HABARI YA IRAKI

Sasa nitaeleza jambo lililotokea Iraki katika majira ya baridi ya mwaka 1971 kuingia 1972. Serikali ya nchi ile iliagiza mbegu za ngano na shayiri kutoka nje, nyingi zikitoka Meksiko, ili wakulima wapande. Mbegu zilikuwa zimetiwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na ukungu ardhini, na zilipakwa rangi nyekundu kuwa onyo. Magunia yalikuwa na maandishi ya kukataza watu wasile, lakini yaliandikwa kwa Kihispania au Kiingereza, lugha ambazo mkulima wa pale hakuzijua. Palikuwa pia na alama ya fuvu la kichwa na mifupa, ambayo kwa Mzungu ni ishara ya sumu. Kwa mkulima yule haikuwa na maana hiyo. Mbegu nyingi zilifika baada ya majira ya kupanda kupita.

Watu walizisaga wakaoka mikate. Wengine waliziosha kwanza, wakaona rangi inatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Sumu ile haimwumizi mtu siku ile ile. Huchukua majuma kadhaa. Hesabu ya hospitali ilionyesha wagonjwa 6,530 waliolazwa, na kati yao 459 walikufa humo hospitalini.

Naomba msomaji aitafakari habari hii kwa upande wa somo letu. Waliotia maandishi na alama katika magunia hawakunyamaza. Walionya. Lakini waliuliza, "Kwetu sisi alama ya hatari ni ipi?" wala hawakuuliza, "Kwa atakayelifungua gunia ni ipi?"

MABANGO MATATU KIJIJINI

Sisi wa Ufipa tu watu wa mahindi. Mvua huanza Novemba, na mbegu za dukani hununuliwa wakati huo. Mbegu hizo zimetiwa dawa na kupakwa rangi, nyingine nyekundu, nyingine kijani au buluu. Dawa za siku hizi si ile ya zebaki ya Iraki, lakini hazikufanywa kuwa chakula cha mtu. Na katika Januari na Februari, ghala zinapopungua na mavuno bado, nyumba yenye mabaki ya mbegu katika mfuko hujaribiwa.

Kwa sababu hiyo, kikundi chetu cha wanafunzi wanne kiliamua kwamba kazi yetu ya mradi iwe bango la kuonya juu ya mbegu hizo. Tulitengeneza mabango matatu yenye maneno yale yale, kila moja kwa herufi tofauti, ili tujue lipi linasikika. Maneno yalikuwa haya: "Sumu. Mbegu hii si chakula. Ipande, usiile."

Bango la kwanza tuliliandika kwa herufi za mwandiko wa kuunganisha, zenye mikia na mapambo, na pembeni tukachora jani la mhindi. Bango la pili tulilichora hindi kubwa katikati, na chini yake tukaweka maneno yote kwa herufi kubwa tupu ndani ya kisanduku. Bango la tatu tuliliwekea neno "SUMU" juu kabisa, kwa herufi nene zisizo na miguu, kubwa kama kiganja; chini yake tukaacha nafasi, kisha tukaandika maneno mengine kwa herufi ndogo za kawaida zinazosomeka mtu akiwa hatua tano mbali.

Likizo ya Juni nilipewa mimi kuyapeleka kwetu, upande wa Laela. Nilianza kwa bibi yangu, mzaa mama, ambaye hakupata kusoma. Nilimchagua kwa makusudi, kwa maana asiyejua kusoma hawezi kudanganywa na maneno. Huona sura peke yake.

Nilipomwonyesha bango la kwanza alitabasamu, akasema, "Hii ni kadi ya arusi. Anaoa nani?"

La pili alilitazama zaidi. Aliuweka mkono wake juu ya kile kisanduku, akauliza, "Hii kanga inasema nini, mjukuu wangu?"

La tatu alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza mbali na uso wake. "Huyu anaita," alisema. "Kuna nini?"

Sikuwa nimemwambia neno hata moja. Wala si yeye peke yake. Niliwaonyesha watu wazima kumi na mmoja pale kijijini, wanaosoma na wasiosoma, na wanane walisema kwamba bango la tatu ndilo la hatari. Watu kumi na mmoja ni wachache, wala sidai kwamba nimewapima Wafipa wote. Lakini lile bango la kisanduku, ambalo sisi shuleni tulilidhani kali kwa sababu herufi zake zote ni kubwa, wanawake watano walilitaja pamoja na kanga. Macho yao yalikuwa yamezoea kwamba maneno ya kisandukuni ni msemo wa kufikiriwa polepole, si kelele ya kukimbiwa.

Jirani mmoja, mtu mzima mwenye watoto, aliyasoma maneno yote kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ukiziosha mpaka rangi ikaisha, bado?" Swali lile lilinishtua, maana ni lile lile la Iraki, na lilitoka kwa mtu niliyemjua tangu utoto. Nilimjibu kwamba rangi ni onyo tu. Rangi ikitoka, onyo ndilo lililotoka, na dawa inabaki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atamwambia mkewe.

Tuliporudi shuleni tuliongeza mstari mmoja katika bango la tatu: "Hata ukiiosha, sumu hubaki." Hapo nilielewa kazi ya herufi na mpaka wake. Herufi nene ilimfanya jirani asimame na kusoma. Swali alilokuwa nalo moyoni halikujibiwa na herufi, lilijibiwa na maneno. Moja lisipokuwepo, jingine halifai kitu.

TANGAZO LA MSIBA NA HABARI YA MZAHA

Tusidhani kwamba sauti kubwa ndiyo njema sikuzote. Tuseme mwenzetu wa bwenini amefiwa na mama yake, nawe umepewa kuandika tangazo la ubaoni. Herufi nene zilizomfaa mwenye mbegu hapa zitakuwa utovu wa adabu, kama mtu anayepiga kelele matangani. Tumia herufi nyembamba zenye miguu, ukubwa wa wastani, na uache karatasi tupu pande zote. Jina la marehemu liwe kubwa kidogo kuliko maneno mengine, kwa heshima yake. Usitie maua ya kompyuta, wala alama za mshangao. Mfiwa atalipita tangazo lile mara nyingi kwa siku, na kila mara litasema naye.

Kuna pia hasara ya kutumia herufi ya mzaha mahali pa jambo zito. Mwaka 1994 Vincent Connare, mtumishi wa kampuni ya Microsoft, alichora herufi iitwayo Comic Sans, akiiga maneno ya wahusika wa katuni. Tarehe 4 Julai 2012 wataalamu wa CERN, karibu na Geneva, walitangaza ugunduzi mkubwa wa fizikia, ile chembe iliyokuwa imetafutwa kwa karibu miaka hamsini. Fabiola Gianotti, aliyekuwa msemaji wa kundi moja la watafiti, alitumia herufi ile katika maelezo yake ya ukutani. Ugunduzi ulikuwa wa kweli na wa ajabu, lakini watu wengi waliutumia muda wao kuzungumza juu ya herufi. Hata hivyo haifai tuiite herufi mbaya. Umbo la "a" yake ni lile tunalofundishwa kuandika kwa mkono darasa la kwanza, na kwa kitabu cha mtoto anayeanza kusoma hilo ni jambo la msaada. Kila herufi ina nyumba yake.

MAMBO YA KUFUATA

Kutokana na hayo nimeandika kanuni sita, nazo zaweza kumfaa mwenye kalamu kama zinavyomfaa mwenye kompyuta.

1. Kabla ya kugusa herufi, andika katika daftari hisia moja unayotaka msomaji aipate. Iwe moja. Bango linalotaka kuogofya na kufurahisha kwa pamoja halitafanya lo lote.

2. Jiulize nani atasoma, amesimama wapi, na kwa mwanga gani. Maneno ya ubao wa bweni husomwa jioni, kwa mwanga hafifu, na mtu anayetetemeka kwa baridi ya Julai. Yasiwe membamba.

3. Tumia aina moja ya herufi, au mbili zilizo tofauti kabisa. Ukitumia tano, msomaji husikia watu watano wakisema kwa wakati mmoja.

4. Herufi kubwa tupu ziwe kwa neno moja au mawili tu. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipochora vibao vya barabara kuu za Uingereza, vilivyoanza kutumika katika barabara ya Preston mwaka 1958, majina ya miji waliyaandika kwa herufi ndogo zinazotanguliwa na kubwa. Neno la herufi ndogo lina vilima na mabonde yake, na mwenye kwenda kasi hulitambua kwa umbo. Andika "Namanyere" na "NAMANYERE", uyatazame kutoka mbali, nawe utaona.

5. Herufi isitie chumvi. Kuna fonti za kompyuta zinazodondosha damu. Mtu azionapo hukumbuka sinema, naye hucheka. Na aliyecheka hawezi tena kuogopa.

6. Mwonyeshe kazi yako mtu ambaye hakuwapo ulipoitengeneza, tena kama waweza, asiyejua kusoma. Usimweleze lo lote. Muulize tu, "Hii inasema kwa sauti gani?" kisha unyamaze.

ZOEZI

Jumamosi ya kutoka, enenda mjini Sumbawanga na daftari. Pita kutoka kituo cha mabasi hata sokoni, unakili maandishi matano: moja la duka la dawa, moja la ubavuni mwa basi, moja la kanga, moja la mfuko wa mbolea au mbegu, na moja la kinyozi. Nakili sura ya herufi, si maneno tu. Ukirudi bwenini, igeuze karatasi kichwa chini mbele ya mwenzako ili asiweze kusoma kwa urahisi, umwulize kila moja ni la biashara gani. Andika amepata mangapi, na kwa sababu gani. Utajifunza zaidi kwa zoezi hilo kuliko kwa makala hii.

Mwisho, nina ombi kwa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu. Mbegu zitakapofika madukani mwezi wa Novemba, sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika chumba cha mtihani. Nakala arobaini za bango la tatu, pamoja na ule mstari wa kuosha, zimewekwa maktabani juu ya kabati la magazeti. Kila aendaye kwao likizo ya Desemba achukue moja, alibandike mahali wanapopita mama zetu: dukani, zahanatini, au penye mashine ya kusaga. Likishabandikwa, asimame kando kidogo atazame kama watu wanasimama. Wasiposimama, basi herufi ibadilishwe.